Mwenye Njia Si Mwenye Kiwanja



Kila baada ya miezi michache habari moja hurudi redioni na katika televisheni kwa maneno yaleyale: manowari ya Marekani imepita karibu na mwamba fulani katika Bahari ya China Kusini; China imelaani; Marekani imejibu kwamba ilikuwa ikitumia uhuru wake wa kupita baharini. Msikilizaji huachwa hapo. Hajui mwamba huo ni wa nani, hajui manowari ilikuwa ikitafuta nini pale, wala hajui ni sheria ipi inayotajwa na pande zote mbili. Watoto wetu wakituuliza nani mwenye haki, aghalabu twawajibu kwa kufuata mapenzi ya nafsi: anayeichukia Marekani humpa haki Mchina, na anayeiogopa China humpa haki Mmarekani. Juma hili twataka kulieleza jambo hili kwa utaratibu wake, kwa kuwa ndani yake mna haki za watu ambao hawatajwi kabisa katika habari hizo.

Msingi wa maneno yote ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari. Ulifunguliwa kutiwa saini huko Montego Bay, Jamaica, tarehe 10 Desemba 1982, ukaanza kutumika tarehe 16 Novemba 1994. Mkataba huo umeigawa bahari kwa mapana yake, kuanzia ufukweni kwenda nje. Maili 12 za mwanzo, yaani kiasi cha kilometa 22, ni bahari ya kitaifa, na nchi yenye pwani ina mamlaka juu yake kama ilivyo na mamlaka juu ya ardhi yake. Kutoka ufukweni hadi maili 200, yaani kiasi cha kilometa 370, ni ukanda wa kiuchumi. Humo nchi haimiliki maji yenyewe, bali ina haki ya peke yake juu ya samaki, mafuta, gesi na mali nyingine iliyomo. Zaidi ya hapo ni bahari kuu, ambayo haina mwenyewe.

Lakini mkataba huohuo ulioipa nchi mipaka hiyo umewapa wapitaji nao haki zao. Hata ndani ya zile maili 12, meli ya nchi yoyote yaweza kupita, mradi kupita kwake kusiwe na madhara: ipite moja kwa moja, isifanye mazoezi ya silaha, isirushe ndege, isipeleleze, isivue samaki. Nyambizi nayo yapaswa kuibuka juu ya maji na kuonyesha bendera yake. Nje ya maili 12, ndani ya ukanda wa kiuchumi, uhuru wa kusafiri ni mpana zaidi. Mwenye pwani ana mali, ila njia ni ya wote.

Jambo hili si geni kwa mtu aliyewahi kukaa katika baraza la kusuluhisha mipaka ya viwanja. Kiwanja ni cha Fulani, hati anayo, na minazi ni yake. Hata hivyo, katikati ya kiwanja pana njia ya mguu ambayo watu wa nyuma huitumia kwenda kisimani na msikitini. Mpitaji hana ruhusa ya kuangua nazi, wala kukaa na kupika pale. Na mwenye kiwanja hana ruhusa ya kuitia njia ile ua wa miiba. Mwenye njia si mwenye kiwanja, na mwenye kiwanja si mwenye njia. Sheria ya bahari, ukiondoa urefu wa maneno yake, imejengwa juu ya kanuni hiyo.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Bahari ya China Kusini imezungukwa na China, Taiwan, Vietnam, Ufilipino, Malaysia, Brunei na Indonesia. Katikati yake yametapakaa mafungu ya mchanga, miamba na visiwa vidogo, na nchi kadhaa kati ya hizo kila moja yadai sehemu yake. China yadai zaidi ya wote. Ramani yake, yenye mstari wa vipande tisa, asili yake ni ramani iliyochapishwa mwaka 1947 na serikali ya China iliyokuwapo kabla ya Wakomunisti, nayo yazunguka sehemu kubwa mno ya bahari ile. Mwezi Mei 2009 China iliiambatanisha ramani hiyo na barua yake kwa Umoja wa Mataifa. Kisha, kuanzia mwisho wa mwaka 2013, mashine zake zilianza kufukua mchanga chini ya bahari na kuumwaga juu ya miamba saba, mpaka miamba ikawa visiwa. Juu ya mitatu kati yake, yaani Fiery Cross, Subi na Mischief, vimejengwa viwanja vya ndege.

Hapa ndipo sheria inapoingia kwa undani. Watu wa pwani wanajua tofauti ya kisiwa na fungu: kisiwa hubaki juu maji yajaapo, na fungu huonekana maji yanapokupwa tu. Mkataba nao umeitazama tofauti hiyohiyo. Kisiwa cha asili kinachoweza kuishi watu hupata maili 12 na maili 200 zake. Mwamba unaobaki juu ya maji lakini hauwezi kuishi watu hupata maili 12 tu. Fungu linalozama maji yajaapo, lililo mbali na nchi kavu, halipati hata moja. Na kisiwa kilichotengenezwa na binadamu, hata kingekuwa na nyumba na bandari, hupata mita 500 za usalama kukizunguka, basi. Mwamba wa Mischief ni fungu la namna hiyo la kuzama. Kwa hiyo saruji yote iliyomwagwa juu yake haikuuzalia bahari ya kitaifa.

Marekani imekuwa na utaratibu maalumu tangu mwaka 1979, zama za Rais Jimmy Carter, wa kupeleka manowari na ndege mahali ambapo nchi fulani imedai bahari kupita kiasi cha sheria. Tarehe 27 Oktoba 2015 manowari USS Lassen ilipita ndani ya maili 12 za mwamba wa Subi. Wanasheria wengi waliikosoa safari hiyo, kwa kuwa meli ilipita kimya na moja kwa moja, kama mtu apitaye katika kiwanja cha mwenzake kwa adabu. Na kupita hivyo kwaweza kuchukuliwa kuwa ni kukiri kwamba kiwanja kina mwenyewe. Mwezi Mei 2017 manowari USS Dewey ilikwenda kwenye mwamba wa Mischief ikafanya jambo jingine: ilizunguka karibu na mwamba na kufanya zoezi la kumwokoa mtu aliyeanguka majini. Zoezi hilo lilikuwa dogo, lakini ujumbe wake ulikuwa mkubwa. Maana yake ni kwamba hapa hapana bahari ya kitaifa ya mtu yeyote, na sisi hatupiti njia tu, tuko katika bahari ya wote.

Msomaji atauliza: kwa nini wasiandike barua ya kupinga, yakaisha? Jibu limo katika tabia ya sheria za mataifa, ambazo sehemu yake kubwa hutokana na mazoea. Nchi ikidai jambo, wengine wakanyamaza miaka thelathini, madai hugeuka kuwa haki. Wanafunzi wa fiqhi wanaifahamu kanuni hii: aliyenyamaza hahesabiwi kuwa amesema, isipokuwa pale ambapo palihitaji kusemwa, hapo kunyamaza kwake ni kauli. Njia isiyopitwa huota majani, na majani yakishaota, ua hufuata. Hiyo ndiyo hoja ya wanaopeleka meli, nayo ni hoja yenye uzito.

Lakini meli za vita si barua. Tarehe 30 Septemba 2018, karibu na miamba hiyohiyo, manowari ya China iliikaribia USS Decatur hadi kiasi cha mita 41, na nahodha wa Marekani akalazimika kugeuza usukani kuepa mgongano. Mita 41 kwa meli ya maelfu ya tani ni sawa na gari mbili kupishana huku vioo vya pembeni vikigusana. Na hofu hii si ya kuwazia. Mwaka 1973 Libya ilitangaza kwamba Ghuba yote ya Sidra ni maji yake ya ndani. Marekani ilikataa, ikapeleka meli kuthibitisha kukataa kwake, na tarehe 19 Agosti 1981 ndege mbili za Libya ziliangushwa juu ya ghuba ile. Madai ya Libya yalipita mipaka ya sheria. Hata hivyo, ugomvi wa mistari katika ramani ulikuwa umeishia katika moto.

Dunia ilikwisha kupewa mwongozo katika jambo hili, tena zamani. Tarehe 22 Oktoba 1946 manowari mbili za Uingereza zilipokuwa zikipita katika mlango wa bahari wa Corfu, karibu na pwani ya Albania, ziligonga mabomu yaliyotegwa majini. Mabaharia 44 walikufa. Wiki tatu baadaye Uingereza iliingiza meli zake katika maji ya Albania bila idhini, ikayafagia mabomu yale, ikasema inakusanya ushahidi. Shauri lilipelekwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na hukumu ilitolewa tarehe 9 Aprili 1949. Mahakama ilisema mambo mawili. La kwanza, manowari za Uingereza zilikuwa na haki ya kupita katika mlango ule bila kuomba ruhusa, kwa kuwa kupita kwao hakukuwa na madhara, na Albania ilikosa kwa kutowaonya wapitaji juu ya mabomu. La pili, Uingereza nayo ilivunja mamlaka ya Albania pale ilipoingia kwa nguvu kufagia mabomu. Dola kubwa yenye wanamaji wengi ilithibitishiwa njia yake, na papo hapo ikaambiwa kwamba haki ya kupita si ruhusa ya kujichukulia sheria mkononi.

Tukiitazama Bahari ya China Kusini kwa mizani hiyo, twaona kwamba wakubwa wawili wanaogombana kila mmoja ameshika nusu ya mkataba na kuiacha nusu nyingine.

China iliuridhia mkataba mwaka 1996. Meli zake za biashara hunufaika na njia huru duniani kote, na manowari zake nazo hupita katika bahari za mbali. Lakini nyumbani kwake, sheria yake ya mwaka 1992 yaitaka kila manowari ya kigeni iombe ruhusa kabla ya kupita katika bahari yake ya kitaifa, sharti ambalo mkataba haukulitaja. Na Ufilipino ilipolipeleka shauri lake mbele ya wasuluhishi mnamo Januari 2013, China ilikataa kushiriki. Baraza la wasuluhishi watano, likiongozwa na Jaji Thomas Mensah wa Ghana, lilitoa uamuzi tarehe 12 Julai 2016: kwamba madai ya China ya haki za kihistoria juu ya mali iliyomo ndani ya mstari ule wa vipande tisa hayana msingi katika sheria, kwamba hakuna hata kimoja katika visiwa vya Spratly kinachostahili maili 200, na kwamba Mischief ni fungu la kuzama lililomo ndani ya ukanda wa kiuchumi wa Ufilipino. China ilisema uamuzi huo ni batili, na mpaka leo haujatekelezwa.

Marekani, kwa upande wake, haijauridhia mkataba hadi hivi sasa. Rais Ronald Reagan alikataa kuutia saini kwa sababu ya sehemu inayohusu uchimbaji wa madini katika sakafu ya bahari kuu, akatangaza mwezi Machi 1983 kwamba nchi yake itaifuata sehemu ya usafiri na matumizi ya kawaida ya bahari. Kwa maneno mengine, ilipokea ile sehemu yenye faida kwa wenye manowari nyingi, ikaiacha ile iliyosema kwamba madini ya kilindini ni urithi wa wanadamu wote. Leo huwafundisha wengine kifungu kwa kifungu kitabu ambacho yenyewe haijakitia mkono.

Wala mafunzo hayo hayawahusu mahasimu peke yao. Tarehe 7 Aprili 2021 manowari USS John Paul Jones ilipita kiasi cha maili 130 magharibi ya visiwa vya Lakshadweep, visiwa vya India ambavyo wakazi wake wengi ni Waislamu. India ni rafiki wa Marekani, na iliuridhia mkataba mwaka 1995. Inashikilia kwamba mazoezi ya kijeshi ya kigeni katika ukanda wake wa kiuchumi yahitaji idhini yake. Jeshi la Wanamaji la Marekani lilitangaza waziwazi kwamba limepita bila kuomba idhini hiyo, na India ikapeleka malalamiko yake kidiplomasia. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba ugomvi huu ni wa Wachina na Wamarekani tu. Ni ugomvi wa kila nchi yenye pwani na wanamaji wachache.

Na hapa ndipo unapotugusa sisi. Huo ukanda wa maili 200 haukubuniwa na madola makubwa. Wazo lake liliwasilishwa na Kenya mwezi Januari 1971 mjini Colombo, katika kikao cha kamati ya kisheria ya nchi za Asia na Afrika, na mwanasheria Frank Njenga ndiye aliyelibeba. Mwaka 1972 Kenya ililipeleka mbele ya Umoja wa Mataifa likiwa limeandikwa kwa vifungu. Sababu yake ilikuwa wazi: nchi zilizokuwa zimetoka kupata uhuru ziliona meli kubwa za uvuvi kutoka mbali zikichota samaki mbele ya fukwe zao, nazo hazina wanamaji wa kuzizuia. Madola yenye manowari yaliogopa kwamba bahari itafungwa. Mapatano yaliyopatikana ndiyo haya tuliyoyaeleza: mali ya mwenye pwani, njia ya wote. Wanyonge walipata samaki wao kwa kukubali kwamba wenye nguvu watapita. Mmoja akiruhusiwa kuirarua nusu yake, nusu ya mwenziwe nayo haitasimama.

Tuwakumbuke pia wavuvi. Katika mwamba wa Scarborough, magharibi ya Ufilipino, wavuvi wa Ufilipino, China, Vietnam na Taiwan wamevua kwa vizazi vingi. Tangu mvutano wa mwaka 2012 vyombo vya serikali ya China ndivyo vinavyoamua nani aingie. Uamuzi wa mwaka 2016 haukusema mwamba ule ni wa nani, kwa kuwa baraza halikuwa na mamlaka ya kuamua umiliki. Ulisema kwamba wavuvi wa Ufilipino, sawa na wenzao wa China, wana haki ya kuvua pale kama walivyozoea, na kwamba China ilikosa kwa kuwazuia. Manowari ya tani maelfu hupita siku moja, hupiga picha, hutoa taarifa, huondoka. Mvuvi hubaki na ngalawa yake, na kesho yake hufukuzwa kwa maji ya mabomba. Uhuru wa kupita uliotetewa jana haukumrudishia samaki hata mmoja. Hatusemi kwamba hauna maana. Twasema kwamba ni nusu ya haki, na nusu ya pili haina manowari ya kuitetea.

Basi habari hizi zitakaporudi, nazo zitarudi, tunawashauri wazazi wawafundishe watoto kuuliza maswali matatu kabla ya kumpa yeyote haki. La kwanza: pale pana kisiwa, mwamba au fungu? Hapo ndipo hujulikana kama kuna maili 12, maili 200, au hakuna kitu. La pili: meli ilikuwa ikipita tu, au ilikuwa ikifanya jambo jingine? La tatu: huyu anayeitaja sheria leo anaikubali nzima, hata pale inapomkata yeye?

Tanzania iliuridhia mkataba huu mwaka 1985, na Kenya mwaka 1989. Nchi zetu hazina manowari za kupeleka katika miamba ya watu, wala hatuziombei ziwe nazo. Kinga ya samaki wetu na gesi yetu baharini ni karatasi hiyo na heshima ya mataifa kwayo. Kwa hiyo tusishangilie China inapoichana upande mmoja kwa sababu tu inawaudhi Wamarekani, wala tusishangilie Marekani inapoichagua kama mtu achaguaye mboga sokoni kwa sababu tu inawaudhi Wachina. Viongozi wetu wanapokaa katika mabaraza ya dunia waseme neno moja: mkataba mzima, kwa wote, na hukumu zake zitekelezwe. Kunyamaza kwetu, mahali panapohitaji kusemwa, kutaandikwa kuwa ni kauli yetu.